Mkuu, hilo boksi la samaki "mchanganyiko" liache dukani

Mkuu, simama hapo hapo. Kama pesa bado iko mfukoni, ibaki mfukoni.

Orodha ya samaki uliyoiweka hapa nimeisoma mara mbili nikidhani macho yananichezea. Tangi la lita 300 (urefu 120, upana 50, kimo 50), na ndani yake unataka kutia mbuna mchanganyiko 12 (samaki wadogo wa mawe wa Ziwa Nyasa), Aulonocara 4 (wale wanaoitwa tausi), malaika 2, halafu oska mmoja "wa kunogesha". Kisha ukauliza: taa ipi, mimea ipi, filta ipi? Taa! Nyumba umeijenga mkondoni mwa mto, unaulizia rangi ya mapazia.

Oska na malaika niwamalize haraka. Oska, Astronotus ocellatus, hufika sentimita 30 na kuzidi, na chochote kinachoingia mdomoni mwake ni chakula. Malaika ana mapezi marefu ambayo mbuna watayatafuna kama mwani, na kwao ni maji laini ya Amazoni. Wote wawili kwa heri, sitawarudia.

Kilichonifanya niandike ni lile boksi la dukani unakotaka kuwatoa hao mbuna mchanganyiko. Ada yake niliilipa mwenyewe mpaka senti ya mwisho, na kuona mwenzangu amepanga foleni kwenye dirisha lile lile kunauma.

Unajua linavyokuwa. Vifaranga wa sentimita 3 au 4, rangi kumi, wanaogelea pamoja kama watoto wa chekechea, bei moja kwa kila mmoja, kibandiko kimeandikwa "siklidi mchanganyiko", siklidi likiwa jina la ukoo wa samaki hawa wote. Jina hakuna. Dume na jike hakuna anayejua. Ile ni bahati nasibu, tena ya aina ambayo mshindi hajawahi kutangazwa. Nawe unatazama rangi tu, kama nilivyotazama mimi, mjinga mwenye kujiamini, ambaye ni hatari kuliko mjinga wa kawaida.

Boksi la namna hiyo ni nadra kumkosa Melanochromis auratus. Akiwa kifaranga ni wa njano mwenye mistari myeusi na myeupe, mara nyingi ndiye mzuri kuliko wote, kwa hiyo ndiye wa kwanza kunyooshewa kidole. Jike hubaki hivyo. Dume akipevuka anageuka: njano inazama kuwa kahawia iliyokolea hadi nyeusi, na mistari inakuwa ya samawati hafifu. Ukiona rangi inageuka, jua tabia imeshageuka. Ni samaki wa sentimita 11 hivi, lakini tangi la sentimita 120 analihesabu lote kuwa chumba chake cha kulala. Mwenzake ni Maylandia lombardoi, ambaye yeye huenda kinyume: vifaranga na majike ni samawati wenye mistari, dume ndiye huishia kuwa wa njano. Unaweza kununua "bluu watatu" leo na baada ya miezi kadhaa ukawa na njano mmoja na maiti wawili.

Kinachodanganya ni muda. Mbuna hawatoi meno wakiwa wadogo. Ugomvi wa kweli huanza wanapokaribia kupevuka, kwenye sentimita 6 au 7. Kabla ya hapo utakuwa na miezi ya amani, utapiga picha, utasifiwa, utajiona fundi. Halafu asubuhi moja samaki mmoja anaelea kona ya juu, nyuma ya bomba la filta, mapezi yamechanika. Usidhani anapumzika. Amefukuzwa, na pale ndipo mahali pekee alipoachiwa. Hatakula, kwa sababu kila akishuka anakimbizwa. Ni mara chache auawe kwa kung'atwa moja kwa moja. Huchoka, vidonda vinashika maambukizi, anakufa baada ya siku kadhaa, nawe unaanza kupima maji na kununua dawa wakati maji hayana kosa.

Ukimwondoa aliyeonewa, mkorofi anachagua mwingine siku hiyo hiyo. Ukimwondoa mkorofi, dume wa pili anapanda cheo na kuendelea pale mwenzake alipoishia. Na kumwondoa huyo mkorofi kwenyewe ni kazi ya adhabu: mbuna ni samaki wa mawe, anaijua kila tundu kuliko wewe uliyeyapanga. Kwa wavu wa mchana humpati. Ama unangoja usiku, taa zikiwa zimezimwa kwa muda wa saa mbili au tatu, unamvizia kwa tochi akiwa amezubaa, ama unatoa maji hadi yabaki robo na kubomoa mawe yote. Ukishabomoa, himaya zote zimefutika na kila mmoja anaanza kugombea upya. Heri ungevua sangara kwa mikono.

Mkorofi mwenyewe hata si kiini cha tatizo. Kiini ni hesabu. Mbuna dume anahitaji majike watatu au wanne, ikiwezekana zaidi, ili ukali wake ugawanyike. Akiwa na jike mmoja, atamsumbua mpaka amuue. Bila jike wa kwake kabisa, atawafuata majike wa spishi nyingine na kuwapiga madume wanaofanana naye kwa rangi au mistari. Sasa kwenye boksi lenye samaki 12 wa spishi nane, hiyo hesabu utaipataje? Huwezi. Hata ukibahatika nusu wakawa majike, si majike wa spishi moja. Na wale wanaozaana ovyo watakupa machotara, na chotara hakuna mfugaji makini atakayempokea. Majike hawa huatamia mayai mdomoni kwa wiki tatu hivi bila kula sawasawa. Jike anayeatamia huku anakimbizwa hutema au humeza mayai yote, akabaki mifupa.

Hao Aulonocara wanne nao. Nyumbani kwao ni pale mchanga unapokutana na mawe, wakinyemelea vijidudu waliojificha mchangani kwa hisia za vitundu vya kichwani. Ni wapole na hula taratibu. Mbuna watamaliza kila punje kabla hawajageuka. Dume anayeonewa huzima rangi akawa wa kijivu kama jike, na rangi ndiyo sababu pekee uliyomnunulia. Wapo wanaowachanganya na mbuna wapole wakafanikiwa, kwenye matangi ya sentimita 180 na zaidi. Lako ni 120. Chagua kundi moja.

Chakula ni shimo jingine. Mbuna wengi hukwangua mwani kwenye mawe na wana utumbo mrefu wa mla majani. Ukiwalisha minyoo myekundu kila siku, au moyo wa ng'ombe, kwa sababu kuna samaki wengine wanaohitaji nyama, tumbo linavimba, kinyesi kinakuwa uzi mweupe, samaki anakataa kula na kujitenga. Ikifika hapo mara nyingi umeshachelewa, ingawa dawa ya metronidazole huokoa baadhi wakiwahiwa. Kundi moja la walaji wa aina moja, punje zenye spirulina (aina ya mwani), kidogo mara mbili kwa siku, kiasi cha kumalizika ndani ya dakika moja: shida hiyo hutaiona sana.

Sasa wacha nimtaje, bila jina, muuzaji aliyeniambia, "Hawa wote siklidi, wataelewana." Paka na chui nao ni ukoo mmoja, mbona hatuwafungii banda moja? Siklidi ni ukoo wenye zaidi ya spishi 1,700 zilizoelezwa kisayansi. Perege wa kukaanga yumo, furu wa Ziwa Victoria wamo, oska yumo. Neno "siklidi" halikwambii kitu kuhusu nani aishi na nani. Akaongeza, "Wanakua kulingana na tangi." Uongo mtupu. Samaki anayedumaa anadumazwa na maji machafu na msongo, na ukali wake haudumai pamoja naye. Mtu huyo anauza samaki miaka na miaka, kwa hiyo kutojua si kisingizio. Anajua kwamba samaki wakifa utarudi kununua wengine. Na mimi nilirudi, ndiyo, mara mbili, msinicheke.

Kanuni yangu ni moja: samaki asiye na jina haingii majini. Nikisema jina namaanisha jina kamili la kisayansi, jenasi na spishi, kabla ya kulipa. Jina likiwepo, unapata ukubwa wake akiwa mzima, chakula chake, ukali wake, na kama dume na jike hutofautiana. Jina likikosekana huna hata kimoja. "Mbuna wa bluu" si jina. "Tausi mwekundu" si jina. Hata jina la duka linaloonekana la kitaalamu, likiwa halina spishi, lione kama kibandiko cha "mchanganyiko" kilichovaa suti.

Kwa tangi lako ningefanya hivi. Spishi tatu za mbuna wapole wa Ziwa Nyasa, zisizofanana kwa rangi: Labidochromis caeruleus wa njano, Iodotropheus sprengerae wa kahawia yenye zambarau, na Chindongo socolofi wa samawati. Nunua vifaranga 10 wa kila spishi, wote wakiingia ndani ya wiki chache, wakiwa wa ukubwa unaolingana. Lengo ni kubaki na 7 au 8 wa kila spishi baada ya kutoa madume ya ziada: dume mmoja au wawili, wengine majike. Usimwongeze Maylandia estherae kwa sababu tu rangi yake ya chungwa inapendeza. Huyo na caeruleus huzaana kirahisi sana, na maduka yamejaa watoto wao wanaouzwa kama caeruleus halisi. Caeruleus ukimwona ana mistari ya wima mwilini, achana naye.

Ugumu wa mpango huu, nakuambia mapema: katika hao watatu, dume na jike wanafanana. Madoa ya yai kwenye pezi la nyuma hayatoshi kukupa uhakika, majike wengi wanayo. Njia ya kuaminika ni kumshika samaki aliyefika sentimita 7 hivi kwa mkono uliolowa, kumgeuza na kulinganisha vitundu viwili vya chini ya tumbo. Vikikaribiana ukubwa, ni dume. Cha nyuma kikiwa kikubwa na kipana, ni jike. Kwa hiyo tangi dogo la pembeni si anasa. Lita 60, sponji yenye pampu ya hewa, hita. Humo wageni watakaa karantini wiki nne, na baadaye ndimo madume ya ziada watangoja mteja.

Idadi ya 21 hadi 24 itaonekana kubwa kwa tangi hilo, na ni kwa makusudi: wakiwa wachache, mkali anamkariri mmoja, wakiwa wengi, hasira inatawanyika. Lakini wingi huo unadai filta. Ukitoa mawe na mchanga utabaki na maji lita 240 hivi, nawe unataka yapite kwenye filta mara 8 hadi 10 kwa saa. Nunua iliyoandikwa lita 2,500 hadi 3,000 kwa saa, kwa sababu kipimo cha kwenye boksi kwa kawaida ni cha filta tupu isiyo na sponji. Usibane hapo. Maji ya mbuna ni ya pH (kipimo cha asidi ya maji) 7.8 hadi 8.6, na amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki, kwenye pH ya juu ni mnyama mwingine. Kwa nyuzi 25, pH ikiwa 7 sehemu yenye sumu kali haifiki asilimia 1 ya amonia yote. pH ikiwa 8.5 inakaribia asilimia 15. Kosa ambalo tangi la malaika lingelivumilia litakuulia mbuna usiku mmoja. Kwa hiyo endesha filta bila samaki wiki 4 hadi 6 ukiilisha amonia, ili bakteria wanaoivunja waote humo, mpaka amonia na naitraiti (sumu inayozaliwa amonia ikivunjwa) zote zisome sifuri ndani ya saa 24. Baada ya hapo badilisha asilimia 40 hadi 50 ya maji kila wiki, bila kuruka.

Mawe yakae juu ya kioo cha chini, au juu ya wavu mgumu wa plastiki, kabla ya mchanga. Mbuna huchimba, na jiwe lililosimama juu ya mchanga siku moja litalala juu ya kioo. Yapande hadi theluthi mbili za kimo, na kila pango liwe na mlango wa nyuma, kwa sababu pango la mlango mmoja ni kaburi la anayekimbizwa.

Kabla ya kununua chochote, andika hapa orodha mpya yenye majina kamili, nitaipitia. Na ukipita kwenye lile duka, mwulize muuzaji jina la kila samaki aliyemo kwenye boksi. Akikujibu "hawa mbuna tu, mkuu", rudi nyumbani ukapange mawe.