Mjomba aliondoka na jogoo wake

Juzi nimepata meseji ya binti mmoja, jina lake nalihifadhi, kamaliza chuo mwaka jana na kila asubuhi anauza uji na chapati jirani na stendi hapa Dodoma. Biashara anasema inaenda, saa 3 sufuria tupu. Shida yake kwao wanajua yuko ofisini, na mama mtu kasema anakuja kumtembelea Pasaka. "Dada nifanyeje?" Nimecheka, halafu nikanyamaza, maana huyo binti ni mimi kabisa, tofauti yetu ni uji tu.

Nianze mbali kidogo. Mimi nimemaliza Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, mwaka 2015, ualimu, Kiswahili na Historia. Waliotutangulia walikuwa wanamaliza wanapangiwa vituo, yani ulikuwa unasubiri kuona jina lako limeangukia wilaya gani na unaomba tu isiwe mbali sana. Sisi tukasubiri majina, Juni 2016 serikali ikasitisha ajira kwanza, uhakiki wa watumishi hewa, uhakiki wa vyeti, na zilipofunguliwa wakaanza kuchukuliwa wa sayansi na hesabu. Wa Kiswahili na Historia tukaambiwa tuko wengi. Tuko wengi kweli, sibishi.

Miaka ile ya kukaa nyumbani kijijini Mvumi nairuka, haina cha kusimulia zaidi ya kuchota maji na kuulizwa "vipi, bado hawajatoa?"

Mwisho wa 2018 ujenzi wa mji wa serikali ukaanza pale Mtumba, kilomita kama 17 kutoka mjini ukielekea njia ya Dar. Mafundi walikuwa wanajenga usiku na mchana maana walipewa muda mfupi sana, na watu wengi hivyo lazima wale. Rafiki yangu mmoja akaniambia njoo tupike. Nikaenda na sufuria 2 za mama, nikamwambia mama naenda mjini kuna kazi nimepata Mtumba, kwenye wizara. Si uongo jamani! Banda letu lilikuwa nyuma ya jengo la wizara kabisa, moshi wetu ulikuwa unaingia dirishani kwao.

Mama akatangaza kijiji kizima. Mwanangu yuko wizarani.

Nilikuwa napika kilo 15 za mchele kwa siku, maharage, na ugali wa uwele na mlenda kwa wale wa kwetu. Ule mlenda ndo ulionipa jina, pale site nzima walikuwa wananiita dada Mlenda. Vumbi la Dodoma mnalijua, upepo ukianza saa 6 mchana unafunika sufuria na kanga unaomba Mungu. Kipindi hichohicho vikatoka vile vitambulisho vya wajasiriamali vya 20,000, nikanunua changu, na kila nikikiangalia nilikuwa naumia maana kitambulisho changu cha kwanza cha kazi maishani, baada ya miaka mitatu chuo, kiliandikwa mjasiriamali mdogo. Nikakifichia ndani ya Biblia.

Sasa hapa ndo nataka usome taratibu. Aibu ile nilidhani inauma moyo tu, kumbe ilikuwa inanila mfukoni. Mafundi wanakula kwa mkopo, wanalipa Jumamosi wakilipwa, hiyo ni kawaida ya site zote. Wenzangu walikuwa na daftari, wana namba ya simu ya kila mtu na wanamjua fomeni wake. Mimi madeni nilikuwa naandika nyuma ya boksi la sabuni, "kofia nyekundu 4,500", "mrefu wa Singida 12,000". Daftari niliona ni la mtu mwenye biashara, mimi nilikuwa napita tu, nasubiri ajira. Mtu anayepita hanunui daftari. Siku moja nimefika asubuhi na mchele wangu nakuta site ya mkandarasi mmoja imehama usiku, hamna mtu, zimebaki mbao za renta na mbwa. Boksi langu la sabuni likiwa na 640,000. Utamdai kofia nyekundu ukampate wapi?

Nililia siku nzima, halafu kesho yake nikaenda kupika tena kwa sababu kodi ya chumba haijui kulia.

Nikahamia Ihumwa, nikauzia wajenzi wa reli ya SGR, nikarudi Mtumba yalipoanza yale maghorofa makubwa ya awamu ya pili. Na bado nyumbani niko wizarani. Nikienda Mvumi navaa sketi ya ofisi, nanunua na bahasha za kaki naziweka kwenye mkoba zionekane. Yani nikikumbuka zile bahasha!

Mwaka 2022 mjomba wangu, kaka yake mama, akaja Dodoma bila kuniambia. Kachukua vyeti vya mwanae, kachukua na jogoo mmoja mkubwa mwekundu kamtia kwenye kikapu, akaenda moja kwa moja geti la wizara akamwulizia afisa, akataja jina langu lote la ubatizo. Mlinzi hamjui huyo afisa. Mjomba akatoa picha kwenye simu. Mlinzi akaangalia akasema, "Aaa, huyu si dada Mlenda? Yuko nyuma kule kwenye mabanda, ila uwahi maana saa hizi mlenda unaisha."

Nimeinua kichwa kutoka kwenye moshi, kanga kiunoni, mwiko mkononi, namwona mjomba amesimama na kikapu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Nikamwekea kiti, nikampa ugali, akala sahani 2, hakuuliza swali hata moja. Akanawa, akatoa 3,000 akaiweka mezani kama mteja yeyote, nikakataa, akaiacha. Halafu akachukua vyeti, akachukua na kikapu, akasema "haya mwanangu, kazi njema," akaenda kupanda daladala.

Jogoo alikuwa wa afisa. Mimi sikuwa afisa.

Sa hivi naandika haya ni miaka imepita na bado nikiona jogoo mwekundu roho inashtuka. Ila ukweli ni kwamba baada ya siku ile nilikuwa huru, maana kufika jioni Mvumi yote ilishajua na hakukuwa na kitu cha kuficha tena. Mama alinuna miezi 2. Mimi wiki hiyohiyo nikanunua daftari.

Na kuna hili lingine, sikiliza. Pale wizarani kulikuwa na mwenzangu wa chuo, tulilala naye chumba kimoja, yeye kitanda cha juu mimi cha chini. Kila akipita na kitambulisho shingoni nilikuwa nainama nyuma ya sufuria mpaka mgongo unauma. Nilipoacha kuinama akaniona, akanikumbatia na moshi wangu wote, akasema mbona hukusema, sisi tulikuwa na semina ya watu 60 siku 3 tukahangaika tukamchukua mtu wa mjini anatuletea wali wa baridi. Piga hesabu mwenyewe, kwa 7,000 ya sahani ni 1,260,000. Nilikuwa nimeinama nyuma ya sufuria hela inapita juu ya kichwa.

Kwa hiyo mdogo wangu muuza uji, nakwambia na wewe mwingine unayesoma ukidhani hayakuhusu: sema unachofanya. Sema kwa mdomo wako, kwa sauti, "nauza uji." Usiseme nimejishikiza, usiseme nasogeza siku, mtu anayesogeza siku hana daftari na mteja anamjua tu. Nunua daftari leo. Andika jina la mtu lote na namba yake, sio rangi ya kofia. Nenda kapime afya na cheti ukitundike, kila miezi 6 urudi, maana siku ofisi ikitaka mtu wa chai wataanza kuuliza hicho cheti na TIN, ile namba ya mlipakodi. Na usikopeshe kabla hujamjua fomeni. Na sema unachofanya, narudia, maana vijana tunaringia vyeti vilivyo chini ya godoro huku tunaionea aibu kazi inayolipia hilo godoro!

Ila nisijifanye mtakatifu. Januari 2025 walimu walipoitwa kwenye usaili na mimi nilikwenda. Mimi huyuhuyu ninayehubiri, nina wasaidizi 4 na oda za ofisi mbili, nilifunga banda nikavaa ile sketi nikafanya mtihani wa mchujo. Sikupita. Nilinuna kama mama alivyonuna, nikamwambia kila mtu nilikuwa mjini kununua mchele.

Mama yako akija Pasaka mpeleke stendi saa 12 asubuhi, mpe kiti, mpe na kikombe. Atanuna. Muache anune, chapati zisiungue.

Mwezi uliopita mjomba kapiga simu. Binti yake ana sendofu, watu 200, akaniita "mwanangu" mara nyingi kuliko kawaida. Nikamtajia bei, nikamwambia nusu inatangulia, akauliza hakuna bei ya ndugu, nikasema hiyo ndo bei. Katuma. Kuku nimenunua mwenyewe, soko la Majengo, wekundu wote nimewaacha.