Jiwe la kumbukumbu kwenye msingi wa jengo la Mjerumani: liwe la nini, na liseme nini?

SWALI: Kamati yetu hapa Moshi inataka kuweka alama ya kumbukumbu palipokuwa na jengo la serikali la enzi ya Mjerumani. Wazee wanasema lilivunjwa vitani. Umebaki msingi wa mawe tu. Tutumie shaba au itale? Na tuandike nini? (Katibu wa kamati, Moshi)

JIBU: Ndugu Katibu, shaba iacheni. Bamba la shaba mahali pasipo na mlinzi hung'olewa likauzwa chuma chakavu. Chukueni itale nyeusi, unene milimita 30, ukubwa 600 kwa 450. Mafundi wa mawe ya makaburi wanaijua kazi hiyo. Herufi zichongwe kwa kina cha milimita 2 hadi 3: za kichwa kimo milimita 40, za maelezo 20. Hapo yanaenea maneno 40 hivi. Mkitaka na Kiingereza, ongezeni jiwe la pili. Mkibana herufi hakuna atakayesoma.

Kabla ya kwenda kwa fundi, jiulizeni: vita vipi? Mwaka 1892 Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Moshi, aliwashinda askari wa Bülow, ofisa wa Kijerumani. Mwaka 1893 Wajerumani wakarudi na jeshi kubwa chini ya gavana wao, Schele, Meli akashindwa. Kisha Machi 1916 Waingereza wakaingia Moshi. Mkichonga "liliharibiwa vitani" bila mwaka, mtoto wa shule atachagua vita anavyovijua yeye. Mahali penyewe panasaidia: kituo cha mwanzo cha Wajerumani kilikuwa juu, Old Moshi, na mji wa chini ulikua baada ya reli ya Tanga kufika 1911. Msingi ulioko karibu na stesheni ni vigumu kuuhusisha na 1892.

Simulizi za wazee ziandikwe zote, kisha zipimwe kwa ramani na picha. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina majalada ya utawala wa Kijerumani. Chuo Kikuu cha Frankfurt kina picha za koloni zinazotazamwa mtandaoni. Tafuteni picha moja ya kabla ya vita na moja ya baada. Jengo linaweza kupona vitani likafa baadaye kwa kuachwa, watu wakachukua mawe wakajengea. Msipopata ushahidi wa aliyelivunja, andikeni tu mwaka ambao mna hakika lilikuwa limesimama, na kwamba wenyeji husimulia liliangushwa vitani. Na kama mna ushahidi wa waliobeba mawe ya kulijenga, watajwe. Haifai jiwe zima limtaje bwana shauri, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, peke yake.

Nguzo ya zege ya kubebea jiwe isikanyage msingi wa zamani. Sogeeni mita 2 au 3 nje yake, baada ya kuwasiliana na Idara ya Mambo ya Kale na halmashauri, na mhakikishe hampo kwenye hifadhi ya barabara. Chimbeni kwa mkono, sentimita 60. Penye udongo mweusi unaopasuka kiangazi, shukeni hadi udongo mgumu. Zege 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), nondo zifunikwe kwa milimita 40, limwagiliwe maji siku 7. Uso wa juu uinamishwe ili maji yateremke.

Kinachoharibu mawe mengi ni ubandikaji. Fundi huweka mafungu matano ya saruji nyuma kama anabandika vigae. Masika maji yanaingia kwenye mianya, saruji inaachia, jiwe linaanguka zima. Akitumia vipande vya nondo kuwa pini ni vibaya zaidi: kutu huivimbisha pini ndani ya tundu na kona ya jiwe inapasuka. Tumieni pini 4 za stenlesi (chuma kisichoshika kutu), unene milimita 10. Matundu ya nyuma ya jiwe yasizidi kina cha milimita 18, na yakae angalau milimita 70 kutoka ukingoni. Pulizeni vumbi litoke, jazeni gundi ya epoksi, na mpake gundi hiyo mgongo mzima. Subirini zege litimize siku 28 kwanza. Likiwa bado na unyevu gundi haishiki.

Herufi msizipake rangi ya mafuta, hubanduka. Ukungu ukiota, osheni kwa maji na brashi ya plastiki, kamwe si kwa tindikali wala brashi ya waya.