Kuonja bia za Krismasi mjini Essen: uanze na ipi?

Ndugu yangu, umeuliza uanze na bia ipi katika tamasha la bia za Krismasi ambalo hufanyika Desemba mjini Essen, Ubelgiji, karibu na mpaka wa Uholanzi. Anza na zile nyepesi, kwa kuwa bia za majira haya hupikwa kwa kimea kingi, na baadhi huongezwa sukari au viungo, hata kilevi chake kikakaribia kile cha divai: St. Bernardus Christmas Ale ina asilimia 10, ilhali Stille Nacht ya De Dolle Brouwers na Bush de Noël zina asilimia 12. Ukitangulia na hizo mbili, ulimi utajaa utamu, na bia nyepesi itakayofuata utaiona kama maji.

Zaidi ya yote, usiinywe ikiwa baridi sana. Ifumbate glasi viganjani kwa dakika kadhaa, kwa sababu baridi huzuia harufu kupanda, na harufu hiyo ya zabibu kavu, sukari iliyoungua au karafuu (ambayo mara nyingi hutokana na hamira yenyewe, pasipo karafuu yoyote kutiwa) ndiyo uzuri wa bia hizi. Mimi hunusa mara mbili kabla ya funda la kwanza.

Kunywa maji na kula mkate katikati ya kuonja. Tafadhali nenda kwa treni, kwani stesheni ya Essen ipo kwenye reli ya kutoka Antwerp kwenda Roosendaal. Usiendeshe gari kabisa.