Panya wako kazeeka na ana uvimbe? Nimejibu mliyouliza

Toka nisimulie habari za Pili, panya wangu aliyekufa hapa kwangu Uingereza akiwa na miaka 2 na miezi 5, maswali yamekuwa mengi mno, nayajibu haya ya leo mengine yatafuata.

Dada habari, panya wangu jike ana mwaka na miezi 8, nimekuta kitu kama gololi chini ya kwapa, juzi hakikuwepo naapa. Ni kansa? (Mama Zuu, Minneapolis)

Pole sana mama Zuu. Kwa panya jike wa kufugwa uvimbe wa tezi za maziwa ndo tatizo kubwa la uzeeni, na mara nyingi sio kansa, yaani hausambai mwilini, unakua tu palepale ulipo. Watu wanashangaa ukitokea kwapani au karibu na shingo, kumbe panya ana chuchu 12 na hizo tezi zimeenea toka shingoni mpaka kwenye mapaja. Mshike taratibu, ukiona kinateleza chini ya ngozi na hakina moto basi huenda ndo huo. Kikiwa cha moto, kimevimba ndani ya siku mbili tatu na kina kigaga, linaweza kuwa jipu, na jipu linatibika. Ila vidole vyako sio kipimo, mpeleke kwa daktari anayetibu wanyama wadogo, na iwe wiki hii, maana uvimbe wa gololi kuutoa ni rahisi kuliko ukishafika limao.

Wetu ana miaka 2, daktari kasema oparesheni inawezekana, mume wangu anasema tutamtesa bure. Tufanyeje? (Leicester)

Hapa mi siwezi kukuamulia dada, ila nakwambia nilichokifanya. Uvimbe wa kwanza wa Pili niliutoa akiwa na mwaka na nusu, mapafu mazima, anapanda ngazi za kizimba mwenyewe, jioni ileile akala yai na kesho yake alikuwa anatembea kama hakuna kilichotokea. Uvimbe wa pili ulikuja ana miaka 2 na ushee, na wakati huo alishaanza kukoroma akipumua, panya wengi wana kale kadudu ka maikoplazma kanakokula mapafu taratibu, nikaogopa nusukaputi kuliko nilivyoogopa uvimbe, nikakataa. Sijutii yote mawili. Kwahiyo usiangalie umri peke yake, angalia anavyopumua, uzito, na kama uvimbe ni mmoja au mitatu. Na jueni kwamba hata ukitolewa vizuri mwingine unaweza kutokea sehemu nyingine, kwahiyo mumeo hajakosea kuuliza. Mkikubali, tafadhali msimlaze njaa, panya hana uwezo wa kutapika kwahiyo kumnyima chakula usiku kucha kabla ya oparesheni kama anavyofanyiwa mbwa hakuna faida, anaishiwa nguvu tu, na akitoka huko awekwe pa joto.

Je uvimbe unaambukiza watoto? (Toronto)

Hapana. Wala panya wenzake hauwaambukizi, msimtenge, panya akiwekwa peke yake anakonda kwa upweke.

Uvimbe umekuwa mkubwa anauburuta, hatutafanya oparesheni. Nimsaidieje hapa nyumbani?

Shusha kila kitu. Kizimba kiwe cha ghorofa moja, chupa ya maji iwe chini asinyanyuke, ngazi na waya toa, tandika blanketi laini na ubadilishe kila siku maana mkojo ukikaa kwenye ngozi iliyovutika inachubuka. Ikichubuka osha kwa maji ya chumvi ya kuoshea vidonda, dawa kali za kuunguza usiguse. Mpime kwa mizani ya jikoni kila wiki lakini mizani inadanganya hapa, uvimbe unaongezeka huku yeye anaisha, kwahiyo pitisha kidole mgongoni, ukihisi mifupa inachoma ujue anakonda. Mpe vitu laini, chakula chake kikavu kiloweke, yai, uji mzito hata wa watoto. Dawa ya maumivu ombeni kwa daktari, wengi wanapewa meloksikamu kwa sirinji, kipimo kinatokana na uzito, vidonge vyenu vya kabatini hapana kabisa.

Wangu hana uvimbe wowote ila hashiki chakula kwa mikono tena, anazunguka upande mmoja.

Huyo mkimbize kwa daktari. Inaweza kuwa uvimbe wa ndani, kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, au sikio limeoza, na sikio lina dawa.

Mbona panya wa Morogoro wanaonusa mabomu wanaishi sana?

Wale wa APOPO, shirika linalowafundisha kunusa, ni panya buku, jamii nyingine kabisa. Magawa aliyezaliwa Tanzania na kunusa mabomu Kambodia alikufa Januari 2022 ana miaka 8. Hawa wetu wa kufugwa ni miaka 2 hadi 3, sio kwamba umekosea malezi.

Nitajuaje muda wa kumpumzisha kwa sindano umefika? Naogopa kumuwahisha na naogopa kumchelewesha.

Hili swali nililia nalo wiki nzima. Mi niliandika vitu vinne Pili alivyovipenda: kuja mlangoni nikiita, kujisafisha, yai, kulala juu ya mwenzake. Vikabaki viwili nikaweka miadi. Dalili zingine ni manyoya kusimama, mgongo kujikunja, na wekundu kuzunguka macho na pua, ule sio damu, ni majimaji ya macho yanayozidi akiwa anaumwa au ana mawazo. Mwambie daktari amlaze kwanza kwa gesi mpaka asisikie kitu ndo sindano ifuate, na uombe kuwepo. Mi nilimrudisha nyumbani ameshakufa nikamlaza kizimbani karibu na mwenzake, akamnusa, akamlamba sikio, akakaa pembeni yake kama nusu saa, akaenda kula.