Poni anagaragara: mwite daktari sasa

Pole sana, ndugu yangu wa Jinja, uliyeuliza kama ummiminie mafuta poni wako (farasi mdogo) anayegaragara. Poni anayegaragara ghafla, akitazama ubavu na kukataa majani, huenda ana msokoto wa tumbo, yaani maumivu makali ya tumbo. Mpigie daktari wa mifugo sasa hivi. Akitokea Kampala, foleni ya malori pale msitu wa Mabira, njiani kuja Jinja, inaweza kumchelewesha. Ondoa chakula chote. Mtembeze polepole, ila akichachamaa kaa mbali na mateke.

Mafuta uliyoshauriwa kummiminia mdomoni, tafadhali usithubutu: yakiingia mapafuni yanaweza kumuua. Inua mdomo wa juu wa poni uangalie ufizi. Ukiwa mweupe au wa zambarau, hali ni mbaya. Sikiliza moyo nyuma ya kiwiko cha kushoto. Mapigo yakizidi 60 kwa dakika, mwambie daktari. Dawa ya maumivu poni asipewe bila idhini ya daktari.