Majani na kunde za Kusini mwa Marekani bila mguu wa nguruwe

Swali: Mpishi, habari za kazi. Tunaishi Atlanta, na mimi na mume wangu hatuli nyama. Nataka kupika majani ya collard na Hoppin' John, yaani wali wa kunde wa mwaka mpya, kama majirani zetu, ila bila ule mguu wa nguruwe wa moshi. Mara ya kwanza majani yalitoka chapwa. Mara ya pili nikatia moshi wa chupa, ile dawa ya maji yenye ladha ya moshi, yakawa machungu. Kunde nazo nilizitia magadi kidogo kama nyumbani. Zilivurugika, na wali ukawa bokoboko. Nimekosea wapi?

Jibu: Nzuri, dada. Mguu ule hufanya kazi nne kwa mpigo: chumvi, moshi, mafuta na uzito wa supu. Wewe umeziba pengo la moshi tu, tena kwa kitu kikali mno.

Kwa kilo 1 ya collard, toa uti wa kati na ukate majani vipande vya upana wa vidole viwili. Loweka gramu 15 za uyoga mkavu wa shiitake katika lita 1 ya maji moto kwa dakika 20. Kaanga kitunguu kikubwa kwa vijiko 3 vya mezani vya mafuta hadi kiwe rangi ya dhahabu. Usikikimbize, kinataka dakika 10 au zaidi. Tia punje 4 za kitunguu saumu, punguza moto, kisha kijiko kimoja na nusu cha chai cha paprika ya moshi, yaani unga wa pilipili nyekundu iliyokaushwa kwa moshi. Koroga kwa nusu dakika tu. Paprika huungua upesi, na ikishaungua uchungu wake hautoki tena. Papo hapo mimina maji ya uyoga pamoja na uyoga wenyewe uliokatwakatwa, vijiko 2 vya mezani vya sosi ya soya, na majani.

Funika, moto mdogo, dakika 45 hadi 60. Collard na sukuma wiki ni ndugu wa damu, lakini hapa hatukati nyembamba wala hatukaangi haraka. Tunautaka mchuzi wake, maana ndio unaochovywa mkate wa mahindi. Siki ya tufaha, kijiko 1 cha mezani, iingie mwisho kabisa: ukiitanguliza, majani hukawia kulainika. Onja chumvi baada ya siki, si kabla. Moshi wa chupa huuhitaji tena. Ukiupenda sana, matone 4 mwishoni yatosha.

Kunde ndizo zilizonihuzunisha, kwani chakula hiki kilianzia kwetu: kunde ni zao la Afrika, na zilivuka bahari pamoja na watumwa. Magadi huyeyusha kile kinachoshikilia ganda na nyama ya kunde, na kunde zina ganda jembamba, hazihitaji msaada huo. Loweka gramu 250 kwa saa 4 hadi 8 katika lita 1 ya maji yenye vijiko viwili na nusu vya chai vya chumvi. Chumvi hulilainisha ganda bila kulipasua. Mwaga maji, osha, chemsha kwa maji mapya, moto wa kutokota tu, na anza kuonja dakika ya 25. Zikiiva, chuja na utunze mchuzi. Upawa mmoja wa kunde uponde, uutie kwenye majani. Huo ndio uzito wa supu uliokosekana.

Wali upike peke yake: kikombe 1 cha mchele mrefu uliooshwa kwa kikombe kimoja na nusu cha mchuzi wa kunde, dakika 18, kisha uache umefunikwa dakika 10. Kunde zichanganye kwa uma wali ukishakauka.

Kama utanunua unga wa mkate wa mahindi wa pakiti, soma lebo: baadhi huweza kuwa na mafuta ya nguruwe. Na majani yapike tarehe 31. Yakilala kwenye friji usiku mmoja, mchuzi hukolea zaidi.