Kwa Nini Hadubini Hupindua Herufi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili. Tulipoweka herufi "e" iliyokatwa gazetini chini ya hadubini, tuliiona imepinduka, na slaidi ikisogezwa kulia, herufi huenda kushoto. Mbona kioo cha kukuzia cha mkononi hakipindui maandishi? Je, tukiweka lenzi ya macho yenye nguvu zaidi tutaona mengi zaidi?

JIBU: Lenzi zote mbili za hadubini, ya kiolwa na ya macho, ni mbinuko, yaani nene katikati, ila kila moja ina kazi yake. Lenzi ya kiolwa, iliyo karibu na slaidi, huwekwa ili herufi iwe nje kidogo tu ya fokasi yake, yaani mahali ambapo lenzi hukutanisha miali sambamba. Kwa hiyo miali itokayo kwenye herufi hukutana tena juu, ndani ya bomba, na kuunda hapo taswira halisi, kubwa na iliyopinduka, kwa sababu miali ya upande wa kulia hutua kushoto na ya juu hutua chini. Lenzi ya kiolwa ya ×40, yaani inayokuza mara 40, ina urefu wa fokasi wa milimita 4 hivi, na taswira yake huundwa takribani milimita 160 kutoka fokasi ya upande wake wa juu: 160 kwa 4 ni 40.

Lenzi ya macho huitazama taswira hiyo, wala si herufi yenyewe. Kwa kuwa taswira iko ndani kidogo ya fokasi yake, lenzi hii hufanya kazi kama kioo chako cha mkononi: hukuza bila kupindua, na upinduo wa kwanza hubaki ulivyo. Ikiwa ni ya ×10, ukuzaji wote ni 400. Ondoeni lenzi ya macho katika chumba chenye giza, wekeni karatasi nyembamba ya kunakilia ramani mdomoni mwa bomba, na taa ikiwa kali mtaiona taswira hiyo hafifu karatasini.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali la pili, nalo ni muhimu sana: lenzi ya macho haiwezi kuonyesha kisichokuwemo katika taswira ya kwanza. Mwaka 1873 mwanafizikia Mjerumani Ernst Abbe alieleza kwamba undani hutegemea urefu wa wimbi la mwanga na upana wa miali inayoingia katika lenzi ya kiolwa, na kwa mwanga wa kawaida kikomo ni kama mikromita 0.2 (milimita 0.0002): vitu vilivyokaribiana zaidi ya hapo huonekana kama kimoja. Ndiyo maana wataalamu wa maabara wanaotafuta vimelea vya malaria hutumia lenzi ya kiolwa ya ×100 na kudondosha mafuta maalumu juu ya slaidi, ambayo hupinda mwanga karibu sawa na kioo, ili miali ya pembeni ambayo ingepotea hewani iingie katika lenzi.